"Dakika 45 Kutoka Posta": Hesabu Kamili ya Kulala Pwani na Kufanya Kazi Dar

Tangazo limezoeleka. Kiwanja Mlandizi, mkoani Pwani kwenye Barabara ya Morogoro, mita za mraba 600, lipa kidogo kidogo, "dakika 45 tu kutoka Posta". Linapita kwenye magrupu ya WhatsApp, shangazi analituma, ofisini linajadiliwa wakati wa chai. Wapo wanaosema wenzetu wameshtuka mapema, wanajenga kwenye hewa safi na mjini wanakuja kutafuta riziki tu. Wapo wanaosema huo ni wendawazimu, utazeekea kwenye daladala. Kila upande una jirani wa kumtolea mfano, na mfano wenyewe ni wa kweli. Hawaelewani kwa sababu neno "mbali" kila mmoja analipima kwa kipimo chake.

Tuanze na hizo dakika 45, maana zinahesabika. Kutoka Posta, katikati ya Dar es Salaam, hadi Mlandizi ni karibu kilomita 60. Ukitaka kuzimaliza kwa dakika 45, wastani wako uwe kilomita 80 kwa saa mwanzo hadi mwisho, bila taa nyekundu Magomeni wala mtu wa kushuka Kibamba. Sheria ya usalama barabarani inaruhusu kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na Barabara ya Morogoro kutoka mjini hadi Kibaha imekatiza kwenye makazi karibu njia nzima. Kwa hiyo safari ya kwenye tangazo haiwezekani bila kuvunja sheria, hata barabara ikiwa tupu. Huenda dalali hakukusudia kudanganya, aliendesha gari lake Jumapili alfajiri akaangalia saa. Alichoacha kusema ni ilikuwa siku gani, saa ngapi, kwa chombo gani, na alianza kuhesabu kutoka mlango upi.

Kabla ya kuendelea, maneno mawili yanahitaji kuwekwa sawa.

La kwanza ni "kijijini". Kwenye mazungumzo, kijijini ni popote penye mikorosho na nyumba zilizoachana. Serikalini lina maana nyingine: kijiji ni eneo lililosajiliwa, lenye serikali yake na mkutano mkuu wa wanakijiji, na likiingizwa kwenye mamlaka ya mji linageuka kuwa mitaa. Kibaha ni mfano mzuri, kwa kuwa ina halmashauri ya mjini na halmashauri ya wilaya, na Mlandizi iko kwenye hii ya wilaya. Tofauti hiyo inagusa mfuko moja kwa moja. Serikali iliporudisha bei za zamani za kuunganisha umeme mwaka 2022, mteja wa mjini aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo aliwekewa shilingi 320,960, wa kijijini shilingi 27,000. Watu wengi wamenunua kwenye mashamba wakijua watalipa hiyo 27,000, kumbe eneo limeshahesabiwa kuwa mji. Usikisie kwa kuangalia mikorosho. Uliza ofisi ya TANESCO ya eneo hilo, na uhesabu nguzo zilizobaki kukufikia.

La pili ni "safari". Hapa safari inaanza unapofunga mlango wa nyumba na inaisha unapokaa kwenye kiti cha kazi. Kupanda na kushuka gari ni sehemu yake tu. Safari ya mtu wa Mlandizi ina vipande hivi: bodaboda hadi barabarani dakika 10, kusubiri gari dakika 15, gari hadi Mbezi dakika 55, kubadilisha gari Mbezi dakika 15, Mbezi hadi Posta dakika 60, kutembea hadi ofisini dakika 10. Jumla ni dakika 165, yaani saa mbili na dakika 45, na hiyo ni siku ya kawaida isiyo na mkasa. Angalia vizuri: bodaboda, kusubiri, kubadilisha na kutembea peke yake ni dakika 50. Dakika 45 za tangazo zimekwisha, na magurudumu ya gari kubwa hayajahesabiwa hata mzunguko mmoja.

Vipande vingi vina ubaya mwingine ambao hauonekani haraka. Tuseme kila kipande kikubwa, yaani bodaboda, gari la kwanza na gari la pili, kinakwenda sawa siku 9 kati ya 10. Mtu atasema basi nitachelewa mara moja moja. Lakini ili ufike kwa wakati vyote vitatu lazima viende sawa siku hiyo hiyo: 0.9 mara 0.9 mara 0.9 ni kama 0.73. Kwenye siku 22 za kazi kwa mwezi, siku 6 hivi kuna kipande kimoja kimeharibika. Bodaboda hajaja, au gari limejaa likapita, au kuna lori limelala Kibamba. Ndiyo maana mtu anayepanda gari moja kwa dakika 90 anaweza kuwa na maisha mepesi kuliko anayepanda matatu kwa dakika 80.

Kosa linalofuata ni kupanga kwa wastani. Mtu anasikia "kwa kawaida ni saa mbili na nusu", anatoka saa mbili na nusu kabla ya kazi, kisha anashangaa barua ya onyo. Wastani maana yake takribani nusu ya siku zitakuwa mbaya kuliko hapo. Mwenye kazi ya kusaini daftari apange kwa kuangalia siku yake mbaya kati ya kumi. Kwa mfano wetu, aongeze angalau nusu saa: kukaa kitini saa 2:00 asubuhi inataka kutoka nyumbani saa 10:45 alfajiri na kuamka saa 10:15. Jioni akitoka saa 11:00 anaingia ndani karibu saa 2:00 usiku, anaoga, anakula, analala saa 4:00. Usingizi ni saa 6 na robo, kama mtoto hakulia. Mtumishi wa serikali anayeanza saa 1:30 arudishe kila kitu nyuma nusu saa.

Kwa mwezi, safari ya saa tano na nusu kwa siku, mara siku 22, ni saa 121. Ukigawanya kwa siku ya kazi ya saa 8, ni siku 15 za kazi ambazo mshahara wake hakuna anayeulipa.

Hapa inafaa kueleza daladala inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaopanga kuhama wanaichukulia kama basi lenye ratiba. Daladala haina ratiba, ina hesabu ya bosi, yaani pesa ambayo dereva lazima ampelekee mwenye gari kila siku. Kituoni inaondoka ikijaa, hata kama ni baada ya dakika 5 au 35. Asubuhi abiria wote wanaelekea mjini, gari linarudi nje likiwa tupu, dereva anateketeza mafuta bila nauli. Kwa hiyo anayefikiria mafuta anapunguza safari za kwenda mbali na kugeuzia katikati. Hiyo ndiyo kukatisha ruti: ubao unasema Mlandizi, konda anakushusha Kibaha, Maili Moja, na kukuambia panda lingine. Unalipa nauli mbili kwa safari moja. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hairuhusu, lakini faini inamkuta dereva mara chache na wewe unachelewa mara nyingi.

Halafu kuna kugeuza. Asubuhi, gari likifika kituo chako cha njiani limejaa tangu mwanzo wa ruti. Wajanja wanapanda likiwa linakwenda kinyume, wanakaa nalo hadi mwisho, linageuka nao wakiwa kwenye siti. Ukifanya hivyo unalipa nauli ya ziada na kuongeza dakika 20 au 30, ila unasafiri umekaa na unaweza kusinzia. Anayekaa mwanzo wa ruti ana siti bila kugeuza. Kwa hiyo nyumba iliyo kilomita 8 mbele zaidi, lakini jirani na kituo gari linapoanzia, inaweza kuwa "karibu" kuliko ile ya katikati ya ruti. Wanaonunua kiwanja wakiwa na gari lao hawalifikirii hili kabisa, mpaka siku gari linapolala gereji.

Jioni swali ni gari la mwisho. Kila kituo kina saa ambayo baada yake magari yanapungua ghafla, na inatofautiana kati ya Kibaha, Mlandizi, Mkuranga na Kerege. Usiulize dalali. Waulize mama lishe na vijana wa bodaboda waliopo kituoni usiku, kwa sababu wao ndio wanaokula kwa wanaokosa gari.

Sasa pesa. Hoja kubwa ya kuhama ni kodi, na hesabu ya kawaida huishia kwenye sentensi moja: "mjini nalipa 150,000, kule silipi." Tuweke namba za mfano, na wewe ziweke za kwako. Mtu amepanga vyumba viwili Tabata kwa 150,000 na nauli ya 600 kwenda, 600 kurudi. Kwa siku 22 nauli ni 26,400. Akihamia Mlandizi, bodaboda tuseme 1,500, gari hadi Mbezi 1,500, Mbezi hadi Posta 1,000. Kwenda ni 4,000, kwenda na kurudi ni 8,000, kwa mwezi 176,000. Ameokoa kodi 150,000, nauli imeongezeka kwa 149,600. Amebakiwa na shilingi 400.

Mbona basi wengi wanaona wamepata nafuu? Kwa sababu kodi ya Dar inadaiwa kwa mkupuo, miezi mitatu au sita, na inauma siku nzima. Nauli inatoka mfukoni kwa noti ndogo ndogo na hakuna anayeiandika. Chai ya njiani nayo haiandikwi, kwa kuwa saa 10:45 alfajiri hakuna aliyekunywa chai nyumbani.

Kanuni inayosaidia kuliko zote kwenye hesabu hii ni fupi: kodi hulipwa kwa nyumba, nauli hulipwa kwa kichwa. Familia ya watu sita ambayo mmoja tu anakwenda mjini inaweza kufaidika sana ikihama, maana nyumba kubwa ya vyumba vinne mjini ni ghali na anayelipa nauli ni mmoja. Mume na mke wasio na watoto, wote wakifanya kazi Posta, wanalipa 352,000 kwa mwezi ili kukwepa kodi ya 150,000. Mwanafunzi wa chuo akiongezeka, hesabu inazidi kuharibika. Kwa hiyo ushauri wa jirani hauna maana mpaka umjue jirani huyo ana vichwa vingapi vinavyotoka asubuhi.

Ni kweli pia kwamba nyumba yako mwenyewe ina thamani ambayo kodi haina. Lakini hiyo ni hoja ya kujenga, si hoja ya kuhamia leo. Unaweza kujenga Mlandizi pole pole na kuendelea kupanga Tabata, na wengi wenye hesabu nzuri ndivyo wanavyofanya.

Wenye gari wanadhani haya hayawahusu. Kilomita 60 kwenda na 60 kurudi ni 120. Gari dogo la injini ya cc 1,500, kwenye foleni ya asubuhi, tulikadirie kilomita 10 kwa lita, ni lita 12 kwa siku. Lita ikiwa shilingi 3,000, siku 22 zinagharimu 792,000. Bei yenyewe inabadilika kila mwezi, EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza, kwa hiyo fanya hesabu kwa bei ya juu uliyowahi kuiona mwaka huo. Hapo bado gereji. Gari hilo linatembea kilomita 2,640 kwa mwezi kwa kazi tu, na kama oili unabadilisha kila kilomita 5,000, servisi inakuja karibu kila baada ya miezi miwili. Foleni ya kusogea na kusimama inakula pedi za breki mapema, na barabara ya vumbi kutoka lami hadi nyumbani inamaliza bushi na shokabu.

Njia mbili zinapunguza maumivu. Moja ni kuchangia mafuta na majirani: wanne kwenye gari moja wanagawana ile 792,000 kuwa 198,000 kila mmoja, ambayo ni karibu sawa na nauli, na wote wamekaa. Muwe watu mnaofahamiana na mnaochangia gharama. Ukianza kupakia abiria wa barabarani kwa nauli umeingia kwenye biashara inayotaka leseni ya LATRA, na bima ya gari binafsi kwa kawaida haihusu abiria wa kulipa. Ajali ikitokea hapo ndipo utakapojua tofauti. Njia ya pili ni kuacha gari kwenye maegesho yenye mlinzi Mbezi au Kimara na kumalizia kwa gari la abiria. Mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza Mei 2016, una njia yake peke yake na unakwepa foleni, isipokuwa siku Mto Msimbazi ukifurika Jangwani. Siku hizo huduma hukatika, na mtu wa Kibaha anafika ofisini mchana au hafiki.

Kuna imani kwamba subira itamaliza yote, barabara inapanuliwa. Kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa hadi njia nane, na kweli kimesaidia. Lakini barabara ni kama bomba la maji. Ukifunga bomba la inchi 4 kwenye bomba la inchi 1, maji hayatoki kwa kasi ya inchi 4, yanarundikana kwenye kiungio. Foleni inasogea hadi mahali pembamba panapofuata. Na barabara nzuri inaleta watu. Mtu aliyekuwa anaona Kibaha ni mbali sasa anapaona karibu, ananunua kiwanja, anakuja na gari. Wanaosafiri kwenda Nairobi wameliona: Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika 2012 safari ikawa fupi, ghorofa zikaota Ruiru na Juja, na foleni ikarudi ikiwa na magari mengi zaidi. Kwa hiyo muda wa safari unaoupima leo uchukulie kuwa ndio mzuri kuliko utakaoupata miaka mitano ijayo, labda kazi yako ihame.

Na treni ya SGR, ile reli ya kisasa, je? Hapa ndipo mkanganyiko ulipo mkubwa, kwa sababu watu wanachanganya kasi na ukaribu. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024. Nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa na LATRA mwaka huo zilikuwa shilingi 1,000 hadi Pugu, 4,000 hadi Soga, 5,000 hadi Ruvu, 9,000 hadi Ngerengere na 13,000 hadi Morogoro. Zizidishe mara mbili, kisha mara 22. Morogoro ni 572,000 kwa mwezi, na kituo chake kiko Kihonda, nje ya mji, kwa hiyo kuna bajaji juu yake. Soga ni 176,000, ambayo kwa mfano wetu ni sawasawa na nauli ya daladala na bodaboda kutoka Mlandizi. Pugu ni 44,000.

Namba hizo zinavutia, hasa ya Soga, lakini kuna maswali mawili kabla ya kukimbilia kiwanja. Je, kuna treni inayosimama kituo hicho na kufika Dar kabla ya saa yako ya kazi, na nyingine ya kurudi baada ya saa yako ya kutoka? Treni ya haraka haisimami vituo vidogo, na ratiba inaweza kubadilika. Pili, SGR haipandwi kama daladala. Kuna tiketi, kitambulisho, ukaguzi wa mizigo, na abiria anatakiwa kufika mapema. Dakika hizo ziingize kwenye hesabu asubuhi na jioni. Soga yenyewe iko kusini mwa Mlandizi, nje ya barabara kuu, kwa hiyo treni ikikuacha hutasimama barabarani na kudaka basi la Chalinze.

Kuhusu kiwanja chenyewe, maneno matatu yanatumiwa na madalali kana kwamba ni kitu kimoja. Kupangwa ni kuwepo kwa mchoro wa mipango miji unaoonyesha hapa makazi, hapa shule, hapa barabara. Kupimwa ni mpima kuweka bikoni, yaani alama za mipaka, na ramani ya upimaji kuidhinishwa. Kumilikishwa ni jina lako kuandikwa kwenye hati. Kiwanja kinaweza kuwa na bikoni nne zinazong'aa na bado hakina hati, na kinaweza kuwa kimepimwa na muuzaji huku mchoro ukionyesha ni uwanja wa shule. Dawa ni kufanya upekuzi ofisi ya ardhi kwa namba ya kitalu na kiwanja kabla ya kulipa. Kama bado ni ardhi ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, muhuri wa mwenyekiti wa kitongoji peke yake hautoshi, lazima halmashauri ya kijiji iwe imeridhia.

Kwa anayetaka kukwepa bodaboda kwa kununua karibu na lami, kuna onyo moja zito. Hifadhi ya barabara, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, si ule mtaro unaouona. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa sababu hifadhi ya Barabara ya Morogoro pale inahesabiwa mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Waliobomolewa walikuwemo wenye umeme, maji na risiti za kodi ya majengo. Nenda TANROADS, wakala wa barabara, ukiwa na namba ya kiwanja, upate jibu kwa maandishi.

Maji tuyapitie haraka. Pasipo na bomba, watu wanne wanaotumia lita 50 kila mmoja wanamaliza lita 200 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 5,000 linakaa siku 25. Bati la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 1,000, ukitoa zinazomwagika ni kama 800. Kisima cha jirani kionje kabla hujachimba chako, maana ukanda wa pwani maji ya chumvi ni kawaida.

Lakini swali linalovunja nyumba nyingi kuliko maji ni la watoto. Wakisoma kijijini, nani yuko nyumbani kuanzia saa 8 mchana hadi mzazi aingie saa 2 usiku? Wakisoma mjini, wanaamka na wewe saa 10:15 alfajiri. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuishi kwa usingizi wa saa sita tu kila siku. Hili halina hesabu ya kulitatua, lina bibi, dada wa kazi, au mzazi mmoja kubaki.

Kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza, fanya safari tano za majaribio, na zisiwe za kuangalia kiwanja. Lala kwa mtu, au kwenye gesti ya pale, uamke kama mwenyeji. Chagua Jumatatu moja, Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi jioni, na angalau mbili ziwe siku za mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na muuzaji anayekuonyesha kiwanja Agosti anakuonyesha barabara ambayo Aprili haipo. Siku za mvua bodaboda hupandisha bei au anakataa kabisa kuingia kwenye tope. Beba daftari au tumia simu, andika saa ulipofunga mlango, ulipofika kituoni, uliposhika siti, ulipopita Kibaha, ulipofika Mbezi, ulipokaa ofisini. Andika na kila shilingi, pamoja na karanga na maji. Kati ya hizo tano chukua ile mbaya, panga maisha kwa hiyo.

Utaona pia kwamba "Dar" si mahali pamoja. Anayefanya kazi Mbezi au Ubungo akilala Kibaha amekata vipande vya safari karibu nusu. Anayefanya kazi Masaki ana gari la tatu la kupanda. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Kariakoo usiku wa manane, au nesi wa zamu ya usiku anayerudi asubuhi wakati wengine wanaingia, anasafiri kinyume cha foleni na anaweza kuishi Mlandizi bila shida ambayo mwenzake wa saa 2 asubuhi anaipata. Mwalimu aliyepangiwa Kibaha wala hana haja ya hesabu hii.

Na wapo wanaochagua njia ya katikati. Watu wawili wanaofanya kazi mjini wanapanga chumba kimoja cha 80,000, kila mmoja 40,000, wanalala mjini Jumatatu hadi Alhamisi na kurudi nyumbani Ijumaa. Safari zinapungua kutoka 44 kwa mwezi hadi 8 au 9. Kwa nauli ya mfano wetu, safari 9 za 4,000 ni 36,000. Ukiongeza chumba na nauli za ndani ya mji unabaki chini ya 110,000, ukilinganisha na 176,000, na unapata saa zako za usingizi. Mkataba wa chumba hicho uandikwe kwa majina yote mawili, kwa sababu mwenye nyumba atataka miezi sita na mmoja wenu anaweza kuhamishwa kikazi mwezi wa tatu.